Nani Anapima Betri Zetu?

Katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, mjini Halifax nchini Kanada, kundi la watafiti walioongozwa na Jeff Dahn na Michael Metzger lilikuwa likishughulikia kero inayojulikana na kila mwenye simu au kompyuta mpakato. Betri imejazwa chaji, ikawekwa pembeni, haikuguswa na mtu, na baada ya siku kadhaa chaji imepungua. Imekwenda wapi? Watafiti walichukua seli za lithiamu, wakaziweka katika viwango mbalimbali vya joto, kisha wakazifungua. Katika zile zilizokaa kwenye nyuzijoto 25, elektrolaiti, yaani kile kimiminika kinachojaza nafasi kati ya pande mbili za seli, kilikuwa angavu kama kawaida yake. Katika zile zilizokaa kwenye nyuzijoto 70 kilikuwa kimegeuka chekundu.

Wakaifuata rangi ile kwa vipimo vya kemia hadi wakakuta molekuli ambayo hakuna kiwanda kilichoitia humo, dimethili tereftalati. Ilitoka kwenye utepe wa gundi, jamaa ya selotepu, ambao hutumika kushikilia tabaka za ndani ya seli zisifunguke. Utepe huo umetengenezwa kwa PET, plastiki ile ile ya chupa za maji ya kunywa. Ndani ya seli PET ilikuwa ikivunjika polepole, na molekuli iliyozaliwa humo ikafanya kazi ya mchukuzi mwizi katika ghala: inabeba elektroni upande hasi, inavuka nayo hadi upande chanya, inaitua, kisha inarudi kubeba nyingine, mchana na usiku, bila umeme huo kupita kwenye taa wala simu ya mtu yeyote. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Dawa yake ni kuondoa utepe wa PET na kuweka wa polipropilini, ambayo haivunjiki kwa namna hiyo.

Naupenda utafiti huu kuliko habari nyingi za sayansi zinazofika kwenye magazeti yetu. Karibu kila mwezi tunaletewa betri ya ajabu, itakayojaa kwa dakika chache na kudumu maisha ya mwenye nayo, na nyingi hatuzioni dukani. Watu wa Halifax hawakuahidi ajabu yoyote. Walichukua betri ya kawaida, wakaipa joto, wakaifungua, wakaangalia. Walichokipata kinamgusa kila mnunuzi duniani, hasa anayeishi kwenye joto. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sayansi ambayo Afrika Mashariki inaihitaji kwanza, na ndiyo ambayo tumeipuuza: sayansi ya kupima kile tunachouziwa.

Tazama jinsi betri zilivyoingia katika maisha yetu. Pikipiki za umeme zinabeba abiria Kigali na Nairobi. Nyumba ambazo zamani zilitegemea betri ya maji ya gari sasa zina betri ya lithiamu iliyofungwa ukutani pamoja na inveta. Wenye saluni, wauza samaki wenye friji ndogo, zahanati za vijijini zinazotunza chanjo, wote wamekuwa wateja wa betri. Katika pikipiki ya umeme, betri ndiyo hula sehemu kubwa ya bei ya chombo kizima. Ikifa mapema, dereva hubaki na mkopo na chuma kilichosimama.

Sasa nenda kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo au barabara ya Luthuli, Nairobi, uangalie zile seli za mviringo za ukubwa wa 18650, zinazotumika kwenye tochi, spika na betri za kuunga. Utazikuta zimeandikwa uwezo wa kubeba chaji wa 9,900 mAh. Huo ni uongo ambao kemia yenyewe inaukanusha. Seli bora za ukubwa huo kutoka viwanda vinavyoheshimika zimekuwa zikibeba takriban 3,500 mAh, kwa sababu kopo dogo namna ile haliwezi kumeza vitu vinavyobeba chaji zaidi ya kiasi fulani. Yeyote mwenye kifaa cha kupima anaweza kuufichua uongo huo kwa saa chache. Lakini uwezo wa siku ya kwanza ndio sehemu nyepesi ya tatizo. Sehemu ngumu ni umri. Betri mbili zinaweza kutoka dukani zikiwa sawa kwa kila kipimo, moja ikadumu miaka minane na nyingine ikaanza kukataa kushika chaji kabla ya mwaka wa pili.

Mamlaka zetu za viwango zimekuwa na sababu nzuri ya kutoupima umri huo, nayo ni muda. Kujaza betri hadi juu na kuitumia hadi iishe huitwa mzunguko mmoja. Ukitaka kujua kama betri itafika mizunguko 1,000, na kila mzunguko unachukua saa nne, unahitaji saa 4,000, karibu miezi mitano na nusu bila kuzima mashine hata dakika. Mtumiaji anayemaliza mzunguko mmoja kwa siku atafika hapo baada ya miaka karibu mitatu. Hakuna mfanyabiashara atakayekubali kontena lake likae bandarini Mombasa au Dar es Salaam muda huo. Ndiyo maana ukaguzi wa shehena kabla haijaondoka nchi inakotoka, utaratibu ambao TBS ya Tanzania na KEBS ya Kenya wanautumia, huweza kuangalia hati, usalama na uwezo wa awali, lakini hauwezi kusubiri betri izeeke.

Hapo ndipo utafiti wa vyuo vikuu wa miaka ya karibuni unapotuhusu moja kwa moja, kwa sababu umekuwa ukiufupisha muda huo.

Dahn na wanafunzi wake walianza na usahihi. Kila betri inapochajiwa, sehemu ndogo sana ya chaji hupotea katika athari za kikemia zisizotakiwa. Tuseme betri moja inarudisha asilimia 99.9 ya ilichopewa kila mzunguko, na nyingine asilimia 99.99. Kwa vifaa vya kawaida hutaona tofauti. Lakini zidisha hasara hiyo kwa mizunguko 1,000: ya kwanza, kwa hesabu ya harakaharaka, imebakiwa na asilimia 37 tu, ya pili bado ina asilimia 90. Kwa hiyo, kuanzia takriban mwaka 2010, kundi la Dalhousie lilijenga mashine za kuchaji zenye usahihi wa hali ya juu, zinazoweza kuiona tofauti ya sehemu moja kwa elfu kumi. Kwa mashine kama hiyo, dalili za umri hujitokeza ndani ya wiki chache, kabla betri haijazeeka.

Njia ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Stanford na MIT, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti ya Toyota. Mwaka 2019 walichapisha kazi yao juu ya seli 124 za lithiamu na fosfati ya chuma, aina ambayo leo imejaa kwenye betri za sola. Walizichaji kwa kasi na kuzitumia hadi zikafa. Nyingine zilikufa baada ya mizunguko 150, nyingine zilifika 2,300, ingawa zote zilikuwa za muundo mmoja. Kisha wakaifundisha programu ya kompyuta kusoma jinsi volti inavyobadilika katika mizunguko 100 ya mwanzo, wakati ambapo seli nyingi bado hazijaonyesha kupungua uwezo wowote wa maana. Programu ilikadiria umri wa seli kwa kukosea wastani wa asilimia 9 hivi. Walipotaka tu kuzitenga katika mafungu mawili, za umri mrefu na za umri mfupi, mizunguko mitano ilitosha, na makosa yalikuwa chini ya asilimia tano. Mwaka uliofuata kundi hilo lilitumia mbinu hiyo kuchagua, kati ya njia 224 za kuchaji haraka, zile zinazoiumiza betri kidogo zaidi. Kazi ambayo ingechukua zaidi ya siku 500 ilikamilika kwa siku 16.

Tena data zao waliziweka wazi kwa kila mtu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza Mlimani, Dar es Salaam, au Chiromo, Nairobi, mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti, anaweza kuzipakua na kurudia hesabu zao zote. Jambo hili lingepaswa kutusisimua kuliko tangazo lolote la betri mpya.

Muda, basi, hauzuii tena kama zamani. Kilichobaki ni kuamua, na kuamua vizuri, kwa sababu vipimo vya wenzetu haviwezi kubebwa vilivyo na kuletwa huku. Mwishoni mwa mwaka 2024 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya seli 92 walizozipima kwa zaidi ya miaka miwili. Kwa kawaida maabara huitumia betri kwa mkondo usiobadilika tangu ijae hadi iishe. Wao waliongeza mitindo inayofanana na uendeshaji wa kweli: kukanyaga, kuachia, kusimama, kupumzika. Ikaonekana kwamba seli zilizotumika kama gari linavyotumika barabarani zinaweza kudumu hadi asilimia 38 zaidi ya zile zilizotumika kwa mtindo wa maabara. Kwa maneno mengine, vipimo vya kawaida vilikuwa vikikosea, na kwa dereva wa California vilikosea upande unaomfaa.

Je, kwa dereva wa bodaboda vinakosea upande gani? Anapanda vilima vya Kigali akiwa na abiria na mzigo. Anabadilisha betri vituoni, na betri ile ile inapita mikononi mwa madereva wengi kwa wiki moja. Au chukua betri ya sola iliyofungwa chini ya bati Tanga au Lodwar, mahali ambapo joto la mchana ndani ya chumba hupita mbali zile nyuzi 25 zinazoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji. Joto huharakisha karibu kila athari ya kikemia inayoizeesha betri, na kile kimiminika chekundu cha Halifax ni ushahidi wa jambo hilo. Mtengenezaji mwaminifu anaposema betri yake itafika mizunguko 4,000, anasema pia kwa joto gani na kwa matumizi gani. Yakibadilika hayo, ahadi yake haikuhusu tena, na hajakudanganya. Atakayeweza kukwambia itadumu muda gani Lodwar ni yule aliyeipima kwa joto la Lodwar.

Kanuni hiyo haiishii kwenye betri. Wakati wa janga la UVIKO-19 dunia ilivutiwa na roboti za kuua vijidudu kwa mionzi ya urujuanimno, zinazozunguka wodini peke yake watu wakiwa wametoka. Ni vifaa vya kupendeza, na hospitali yoyote hutamani kupigwa picha navyo. Lakini swali la maana lilikuwa limekwisha kuulizwa, na halikuulizwa na wauzaji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walilinganisha njia nne za kusafisha vyumba katika hospitali tisa kati ya mwaka 2012 na 2014, wakitumia mashine za mionzi hiyo kwenye baadhi ya vyumba baada ya mgonjwa kuondoka. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017 yalionyesha kwamba mionzi, ikiongezwa juu ya usafi wa kawaida, ilipunguza kwa takriban asilimia 30 hatari ya mgonjwa anayefuata kupata vijidudu sugu vilivyolengwa. Ni faida ya kweli. Ila kwa kijidudu kimoja kigumu cha tumboni, Clostridium difficile, vyumba vilivyokwisha kusafishwa kwa dawa ya klorini havikupata nafuu zaidi kwa kuongezewa mionzi. Nayo mionzi haipindi kona, kwa hiyo nyuma ya kitanda na chini ya meza palipo na kivuli hapafikiwi. Mganga mkuu wa hospitali ya wilaya mwenye fedha za kuchagua kati ya mashine moja kama hiyo na Jik, ndoo na wafanya usafi wa kutosha kwa miaka kadhaa, anahitaji tarakimu kama hizo mezani kuliko video ya muuzaji.

Wako watakaosema kupima ni anasa ya nchi tajiri. Historia ya Kenya inawajibu. Katika miaka ya 1990 soko la sola la Kenya lilikuwa miongoni mwa masoko yaliyochangamka zaidi barani. Familia za vijijini zilinunua paneli ndogo kwa fedha zao wenyewe, bila ruzuku, ili ziwashe taa na kutazama televisheni. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akiwemo Arne Jacobson na mwalimu wake Daniel Kammen, walizipima paneli zilizokuwa zikiuzwa, hasa zile za bei nafuu za silikoni isiyo na fuwele. Baadhi ya chapa zilitoa karibu umeme wote ulioandikwa. Nyingine zilitoa pungufu sana. Mnunuzi wa Kericho hakuwa na namna ya kuzitofautisha, kwa sababu zote zilikuwa vioo vyeusi vya ukubwa unaofanana, na zote ziliwasha taa siku ya kwanza. Matokeo yalipotangazwa hadharani, soko lilijirekebisha.

Halafu likaharibika tena. Watafiti waliporudi mwaka 2004 na 2005, walikuta chapa nyingine dhaifu zimeingia sokoni. Hapo ndipo walipofikia hoja ambayo naiona kuwa nzito kuliko tarakimu zote: kupima mara moja hakutoshi, kunatakiwa chombo cha kudumu chenye mamlaka na fedha ya kufanya hivyo mara kwa mara. Shirika la Viwango la Kenya baadaye lilianza kudai ubora wa paneli hizo. Jacobson naye aliendelea na kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Humboldt kule Arcata, California, ambako maabara ya Schatz ilisaidia kubuni njia ya kupima taa ndogo za sola kwa ajili ya mpango wa Benki ya Dunia uitwao Lighting Africa. Njia hiyo ikaja kuwa msingi wa kiwango cha kimataifa. Taa nyingi bora ambazo watoto wetu wamezisomea usiku zilichujwa kwa njia iliyoanzia kwenye paneli zilizonunuliwa madukani Kenya.

Linaniuma jambo moja katika habari hiyo njema. Swali lilikuwa letu, paneli zilikuwa kwenye mapaa yetu, na wino wa majibu ulitoka Berkeley na Arcata. Hatuna sababu ya kulirudia hilo kwa betri. Wanafunzi wa Makerere walionyesha gari la umeme, Kiira EV, mwaka 2011. Eneo lililoweza kuunda gari haliwezi kushindwa kupima betri yake.

Kuna pia dhuluma inayonisumbua kila ninapoifikiria. Kobalti ya betri inayochimbwa Kolwezi na Likasi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mzalishaji wake mkubwa kuliko nchi nyingine zote, haivuki mpaka kabla haijapimwa kiwango chake kwa makini, maana mnunuzi hataki kulipia udongo. Grafaiti ya Mahenge, Tanzania, itapimwa vivyo hivyo. Kinachotoka kwetu kinapimwa hadi asilimia ya mwisho. Kinachorudi kwetu kikiwa betri ya simu au ya sola kinapokelewa kwa kuamini maandishi ya kwenye boksi. Anayeuza anajua alichonunua na anajua anachouza. Sisi katika biashara hiyo hiyo hatujui tulichonunua.

Hoja ya gharama naielewa. Mashine za kupima betri kwa usahihi si bei rahisi, zinataka umeme usiokatika na vyumba vya joto lisiloyumba. Vyuo vyetu vinajua vilivyo kuhangaika kutafuta hata kemikali za mafunzo ya vitendo. Lakini hatuhitaji maabara katika kila chuo. Tunahitaji moja au mbili kwa Jumuiya yote ya Afrika Mashariki, zinazoendeshwa na vyuo vikuu, zenye nafasi ya kuchaji mamia ya seli kwa pamoja, na zinazonunua sampuli dukani kama mteja wa kawaida bila kumwarifu muuzaji. Sampuli iliyoletwa na mwagizaji mwenyewe itakuwa nzuri daima. Tozo ndogo kwa kila shehena ya betri inaweza kuigharimia kazi hiyo. Waagizaji wenye bidhaa bora watanufaika, kwa kuwa leo wanashindana kwa bei na watu wanaouza seli zilizochakaa zilizovishwa ganda jipya.

Kwa hiyo nawaomba Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania (COSTECH), Mfuko wa Taifa wa Utafiti wa Kenya na wenzao wa Uganda na Rwanda waache kila mmoja kusubiri mwenzake, na wakae na mamlaka za viwango waiweke maabara hii katika bajeti ijayo. Ipime kwa nyuzijoto 25, ili tuweze kulinganisha na dunia, na ipime kwa 45, ili tujue ukweli wetu. Ipime kwa mwendo wa bodaboda. Na matokeo yachapishwe kwa majina ya chapa, kwa Kiswahili, kila baada ya miezi sita, mahali ambapo fundi wa Mwanza na mwanachama wa SACCO ya bodaboda ya Kisumu watayasoma bila kulipia. Hadi maabara hiyo ipatikane, msomaji unayekwenda kununua betri, muulize muuzaji mambo matatu na uyaandike kwenye risiti: imepimwa wapi, kwa joto gani, na itabadilishwa bure ikifa ndani ya muda gani. Muuzaji asiyekubali kuliandika hilo la tatu, usimpe fedha yako.